Askari Mgeni Masasi: Namna ya Kulipata Neno la Kwanza

Basi la Kusini likishaipita Ndanda, majabali ya Masasi huanza kuonekana, kila moja limesimama peke yake kwenye tambarare kama limesahauliwa hapo. Askari mwenye barua ya uhamisho mfukoni huanza kujikung'uta vumbi. Akishuka stendi na tranka lake, kijana wa bodaboda humwuliza, "Laini ya polisi, kaka?" Hakuvaa sare wala hakutaja kazi yake. Viatu vimemtaja, na kichwa kilivyonyolewa, na lile tranka. Kabla ya magharibi mji utakuwa umeshajua mambo mawili: kwamba askari mpya kaingia, na kama kalipa nauli au hakulipa.

Lipa nauli. Naanza na hilo makusudi, maana wapo wanaodhani sare ni tiketi. Kwenye jiji kubwa unaweza kumdhulumu mtu asubuhi na jioni usikutane naye tena. Masasi utakutana naye kesho sokoni Mkuti, keshokutwa msikitini au kanisani, na mtondo utamhitaji akuambie nani alipita usiku na magunia kwenye pikipiki. Asipokuambia yeye, hatakuambia mwingine.

Nimevaa kombati muda wa kutosha kujua kwamba kazi ya polisi katika mji mdogo haishikiliwi na bunduki. Inashikiliwa na neno la kwanza: lile ambalo raia anakuletea mapema, kabla jambo halijaharibika, na lile ambalo wewe unaliandika saa hiyohiyo, kabla halijabadilika mdomoni mwa watu. Ukikosa la kwanza utafika kwenye tukio majivu yameshapoa. Ukikosa la pili utamkamata mwizi wa kweli na mahakama itamwachia, nawe utamkuta kijiweni akinywa kahawa.

Tuendelee na hao bodaboda, kwa sababu Masasi ina kumbukumbu nao. Mwishoni mwa Januari 2013, mkoa wa Mtwara ukiwa bado umechemka kwa suala la gesi, ugomvi wa askari na waendesha bodaboda mjini Masasi uliwaka ukawa moto wa mji mzima. Majengo ya serikali yalichomwa, magari yalichomwa, nyumba za viongozi wa kisiasa zilichomwa, na watu walipoteza maisha. Gesi ilikuwa kuni zilizokauka, sikatai. Lakini kiberiti kilikuwa pikipiki. Vijana waliokuwa na miaka 18 siku ile leo wana familia, na wengi bado wako kwenye vijiwe vilevile.

Kwa hiyo jifunze vijiwe kabla hujajifunza vichochoro. Kila kijiwe kina mwenyekiti na katibu, na vingi vina daftari la wanachama. Nenda ukiwa huna kosa la kumshika mtu. Waulize majina, chukua namba za simu, waachie yako. Siku ya kosa usichomoe ufunguo wa pikipiki ya mtu ikiwa inanguruma, usimrukie dereva, wala usimfukuze barabarani: akianguka na abiria wake, kosa la kofia ngumu linageuka kesi ya kifo, na kesi hiyo utaijibu wewe. Mwandikie. Faini ya pikipiki ilishushwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, haipiti mkononi mwako. Ukimwambia "nipe 5,000 yaishe," umepata 5,000, naye amepata hadithi ya kusimulia kijiweni miaka kumi.

Na pikipiki zinazolala uani kwa kituo, zimeota nyasi kwenye rimu, zipunguze. Kila moja ina mtu aliyekuwa akilisha nyumba kwayo. Kama imeshikwa kama kielelezo, iandikwe kwenye rejista na kesi isogee. Kama haina kesi, mwenyewe aitwe.

Salamu, lafudhi na mjomba

Ukitoka Mwanza au Moshi utakuja na mzaha wa kuiga lafudhi ya Kusini, "njomba nchumali." Uache Kibiti. Wenyeji wenyewe wataucheka mbele yako, halafu utashangaa mbona hakuna anayekuita harusini.

Mzee aliyekuzidi umri mpe shikamoo hata kama umekuja kumkamata mwanawe. Cheo hakipungui kwa shikamoo. Ukifika kwenye mji wa watu, kubali kuketi, hata kama ni kwenye kinu kilicholazwa, na maji ukipewa yanywe. Nusu ya habari hutoka baada ya kuketi.

Kuna jambo mgeni huchelewa kulijua. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili ni watu wa ukoo wa mama. Baba yupo, analisha, analea, lakini mambo mazito ya mtoto yamekuwa kwa mjomba. Mjini siku hizi si wote wanaoshika hivyo, ila ukiwa na kijana wa miaka 16 aliyevunja duka na unataka familia isikie, usiridhike na baba aliyekuja ameinamisha kichwa. Uliza, "Mjomba wake nani?" Nimeona kijana aliyekaa kimya mbele ya wapelelezi watatu akafunguka mjomba alipokaa kwenye benchi na kusema maneno manne tu ya Kimakonde, ambayo hadi leo sijatafsiriwa.

Mjomba huyohuyo anaweza kuwa kikwazo chako, na hilo nitalirudia chini.

Baada ya mavuno, ngoma huanza. Jando na unyago vina msimu wake, na usiku utasikia vigoma kutoka pande tatu. Askari mgeni hufanya kosa la kwenda na gari saa 6 usiku kuzima ngoma. Mbinu ni kwenda kwa mtendaji wa kijiji wiki mbili kabla: kibali kimetolewa kwa nani, saa ngapi mwisho, watoto wa shule ni wangapi na watarudi darasani lini, nani anasimamia vileo. Hayo yakikubaliwa mbele ya wazee, wazee ndio watakaozima ngoma. Na akija mcheza ngoma wa midimu na barakoa yake, hata kama umesikia kuna mhalifu kajificha humo, usiivue hadharani. Msubiri. Ngoma huisha na mtu hurudi nyumbani kwake.

Korosho ndiyo kalenda yako

Wenzako wa Arusha wanahesabu misimu kwa watalii. Wewe utahesabu kwa mkorosho. Kuanzia Mei ni salfa: mifuko ya kupulizia inaibwa, mashine za kupulizia zinaibwa, na salfa iliyotolewa kwa ruzuku inaonekana dukani ikiuzwa. Septemba mabibo yanaanza kudondoka, na yakidondoka kuna uraka. Uraka ukiingia kichwani kuna mapanga. Oktoba minada inaanza, na baada ya minada pesa zinaingia kwenye akaunti za wakulima. Utaona pikipiki mpya zisizo na namba, nyumba za wageni zimejaa, wanawake wakija kushtaki kwamba mume kachukua malipo ya shamba la wote na hajaonekana siku tatu.

Fikiria ni pesa kiasi gani. Mwaka 2018, bei ilipovurugika, serikali ya Rais Magufuli iliingia kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likasomba mzigo. Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha Tandahimba na Newala, ulipita shilingi 4,000. Mkulima wa tani moja ana milioni kadhaa kwa mkupuo, katika mji ambao miezi mingine noti ya 10,000 inakosa chenji. Kwa hiyo ratiba yako ya doria usiipange kwa mazoea. Ipange kwa ratiba ya malipo. Nenda kwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), mjue karani wa ghala, mwulize mnada ni lini na fedha zinaingia wiki gani. Wiki hiyo doria iwe karibu na benki na kwa mawakala wa pesa za simu, na jioni kwenye njia za kurudi vijijini. Mshenzi anayemwibia mkulima huwa amekaa naye meza moja mchana.

Kangomba inahitaji maelezo, maana hapa ndipo askari wengi hupotea. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, korosho ghafi hupita kwenye chama cha msingi, ghala na mnada. Kangomba ni yule mnunuzi wa pembeni anayepita mashambani na bakuli lake, anapima kwa bakuli badala ya mzani, na analipa taslimu kwa bei ya kutupa. Mkulima anajua anaibiwa. Anauza kwa sababu mtoto anaumwa leo na mnada ni mwezi ujao. Ukimkamata mkulima na debe mbili umekamata njaa. Mtafute mwenye lori, mwenye ghala la siri, mwenye kutoa mtaji. Debe mbili zitakuonyesha njia ukimhoji mkulima kama shahidi.

Ukilipata lori, sasa kazi ya karatasi. Usiandike "magunia mengi ya korosho." Hesabu mbele ya mtuhumiwa na mbele ya shahidi asiye askari, mwenyekiti wa kitongoji anafaa. Yapime kwenye mzani wa ghala, weka alama kwenye kila gunia, andika stakabadhi ya mali uliyokamata, wote watie saini, naye mtuhumiwa apewe nakala. Kisha andika nani alipokea kutoka kwako, saa ngapi, na nani kutoka kwake. Mahakama ya Rufani katika kesi ya Paulo Maduka na wenzake ilieleza kwamba mnyororo wa kielelezo lazima uonekane tangu kukamatwa hadi kufika mahakamani. Mnyororo ukikatika kwenye pete moja, wakili hahitaji kingine. Magunia 40 yaliyokuwa 40 Novemba na yakawa 37 Februari yameshaimaliza kesi yako, hata kama matatu yaliliwa na panya.

Na sasa neno ambalo halimo kwenye mafunzo. Aprili, mkulima anayekufahamu atakuja kukukopa 50,000, akuahidi gunia Oktoba. Utaona ni msaada. Piga hesabu ya gunia kwa bei ya mnada, halafu jitazame kwenye kioo: wewe ndiye kangomba. Nilikuwa na mwenzangu, kwenye kituo ambacho sitakitaja, aliyekuwa na wadeni wa magunia zaidi ya ishirini. Msimu ulipofika hakuweza kusimama kwenye kizuizi chochote, kwa sababu kila pikipiki iliyopita ilikuwa na mtu anayejua siri yake. Ukiwa na pesa ya kutoa, toa. Ukiwa huna, sema huna.

Kaunta, saa 11 alfajiri

Mama kaja amejifunga kanga mbili, miguu imejaa umande. Kaibiwa magunia mawili yaliyokuwa barazani. Askari mvivu huandika mstari mmoja, anampa namba ya RB, anarudi kusinzia. Wewe mpe kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, afande."

"Ulimwona?"

"Nimemwona. Namjua."

"Jina lake nani?"

Hapo kalamu iwe tayari. Kama amelitaja jina, liandike katika taarifa ya kwanza kabisa, na uandike alilitaja saa ngapi na kwa nani kabla yako. Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita Mahakama ya Rufani ilisema shahidi anayeweza kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo anaaminika zaidi, na anayechelewa bila sababu anatia shaka. Jina likitokea kwenye maelezo ya siku ya nne, hakimu atauliza lilikuwa wapi siku ya kwanza. Mara nyingi lilikuwepo. Askari ndiye hakuandika.

"Usiku ulimwonaje, mama?"

"Kwa taa."

"Taa gani?"

"Ya sola, iko juu ya mlango."

"Kutoka mlangoni hadi aliposimama, hatua ngapi?"

"Kama kutoka hapa hadi kwenye ule mwembe."

Toka nje, ukahesabu hadi kwenye mwembe. Kisha uliza alimtazama kwa muda gani, alikuwa amegeukia wapi, alivaa nini, na walikuwa wakijuana tangu lini. Maswali hayo hayakutoka kichwani kwangu. Ndiyo ambayo Mahakama ya Rufani imekuwa ikiyauliza tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, na wizi mwingi wa huku hutokea gizani. Dakika kumi za kaunta zinaokoa mwaka wa kesi.

Mtu akija anavuja damu usimpe kiti wala maswali. Mpeleke hospitali ya Mkomaindo, fomu ya PF3 itafuata na askari. PF3 ni bure, dhamana ni bure. Yaseme hayo kwa sauti, maana wapo waliokwisha kuuziwa.

Ukishamweka mtu chini ya ulinzi saa inaanza kukimbia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inakupa saa 4 za msingi za kumhoji, na askari anayesimamia upelelezi anaweza kuongeza. Ndani ya saa 24 anatakiwa awe mahakamani kadiri inavyowezekana, au awe na dhamana yake. Muda wa kumsafirisha kutoka kijiji cha mbali hauhesabiwi ndani ya zile 4, lakini kama hukuandika mliondoka saa ngapi na mkafika saa ngapi, gari liliharibika wapi, hautaaminiwa. Andika hata pancha.

Yapo mashauri yatakayokujia yameshaketiwa nyumbani. Binti wa darasa la saba ni mjamzito, au mtoto kabakwa, na kabla hujaguswa bega na mtu wa Dawati la Jinsia, mjomba na wazee wa pande mbili wamekubaliana fedha na mbuzi. Watakuja kwa heshima wakikuomba "uwasaidie kuyamaliza." Yule mjomba niliyekusifia juu sasa yuko upande wa pili wa meza. Kubaka ni miaka isiyopungua 30, na kumpa mimba mwanafunzi ni 30. Si shauri la mbuzi, na askari anayeshika kalamu ya mapatano hayo amejitia kwenye kosa. Kuwa mpole katika maneno tu. Mtenge mtoto na umati, aongee na askari wa kike, apelekwe hospitali siku hiyohiyo kabla ya kuoga. Nguo zake zikaushwe kivulini na zifungwe kwenye bahasha ya kaki. Ukizitia kwenye mfuko wa nailoni zitaota ukungu na ushahidi utakuwa umeuozesha mwenyewe.

Ukipandishwa Newala

Masasi iko chini. Uwanda wa Makonde unaupanda ukielekea Newala, na huko maisha ni mengine. Juni na Julai ukungu unaingia hadi ndani ya kaunta, na asubuhi utalitafuta sweta. Juu ya uwanda hakuna mto. Maji ya mradi wa Makonde husukumwa kutoka mabondeni, na yakikatika watu hulinda ndoo zao kama korosho. Ugomvi wa foleni ya maji usiudharau kwa kuwa ni wa wanawake na ndoo. Ukikuta umeanza, panga foleni mwenyewe, simama hapo hadi mama wa mwisho ajaze. Nyumba ukipangishwa, kabla ya kutazama vyumba tazama tangi na mabati ya kuvunia mvua.

Simama pale Shimo la Mungu, utazame chini: bonde, Ruvuma, na ng'ambo Msumbiji. Wamakonde wako pande zote mbili na mto haukuwauliza. Shangazi yuko Mueda, harusi iko Newala. Mgeni atakayelala kijijini wiki mbili bila karatasi mara nyingi ni ndugu kweli. Lakini Oktoba 2020 washambuliaji waliovuka Ruvuma walikivamia kijiji cha Kitaya, wakaua na kuchoma nyumba, kwa hiyo "ni ndugu" peke yake haitoshi tena. Utamtofautishaje? Si kwa lafudhi, wala kwa chale usoni. Balozi wa nyumba kumi anamjua mgeni aliyeletwa na mwenyeji wake akatambulishwa, na anamjua yule aliyefika usiku na kukodi chumba kwa pesa ya mwezi mzima. Mpigie balozi kila wiki, hata kama huna shida. Akikuambia kuna mgeni hamwelewi, nenda na ofisa uhamiaji, mchana, mpige hodi. Ukizoa kijiji kizima kwa karandinga ili kumpata mmoja, yule mmoja utamkosa, na balozi hatapokea simu yako tena.

Vijiji vya kando ya mto viko mbali, mafuta ya gari ni ya kuhesabu, na mtandao wa simu hupotea ukishaanza kuteremka. Kwa hiyo orodha ya wenyeviti na watendaji iandike kwenye karatasi pia, simu ikizima usibaki kiwete. Daftari la mfukoni nunua Masasi kabla ya kupanda, lenye jalada gumu. Kalamu beba tatu; ile ya kaunta imefungwa kwa kamba na mara nyingi haina wino.